Askari wa Ubongo na Tatizo la Picha Moja

Wasomaji wa fasihi wanaijua Residencia de Estudiantes ya Madrid kwa majina matatu: Lorca, Buñuel na Dalí. Ukisoma maisha ya yeyote kati yao, lazima upite kwenye bweni lile la wanafunzi, lenye piano, mihadhara na utani usioisha. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba palikuwa na maabara pia. Kuanzia mwaka 1920, wakati vijana wale wakishindana kwa mashairi na vituko, hapohapo alikuwapo daktari mmoja mtanashati aliyekata ubongo vipande vyembamba kama karatasi, akavichovya katika maji yenye madini ya fedha, kisha akaketi mbele ya hadubini na kuchora alichokiona. Jina lake Pío del Río-Hortega.

Nimemsoma kwa miezi kadhaa sasa, na sitaki kumfanya shujaa. Kilichonivuta ni jambo moja tu. Huyu bwana alikuwa wa kwanza kuonyesha waziwazi kwamba ubongo una seli za ulinzi, na palepale akaonyesha kwamba seli hizo zina historia: zinatoka mahali, zinahamia ubongoni, na likitokea jambo zinabadilika umbo na kazi. Karne moja baadaye, wanaohangaika na uvimbe wa ubongo wamerudi kwenye hoja hiyohiyo. Katikati kuna miaka mingi ambapo watu walitazama picha moja wakadhani wameiona hadithi nzima.

Tuanze na gundi. Katika karne ya 19, Mjerumani Rudolf Virchow aliona kwamba kati ya seli za neva kuna kitu kingine kinachojaza nafasi. Akakiita glia, neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Uvimbe unaoota kutoka humo ukaitwa glioma, na tunaita hivyo mpaka leo. Jina likishakaa, linafikiri kwa niaba yako. Kama ni gundi, nani atajishughulisha kuuliza gundi inafanya nini siku nzima? Virchow huyohuyo, mwaka 1863, aliandika kuhusu chembe nyeupe za damu kuonekana ndani ya uvimbe wa saratani. Lakini mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali kwa muda mrefu, kama ndugu waliokosana.

Kisha akaja Santiago Ramón y Cajal, mfalme wa Madrid katika mambo haya, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi. Cajal alizichora seli za neva kwa ustadi ambao hadi leo watu wanazitundika picha zake ukutani. Seli za neva zikawa elementi ya kwanza ya ubongo, na zile za glia zenye umbo la nyota zikawa ya pili. Zilizobaki, ambazo rangi zake hazikuzikamata vizuri, akaziita elementi ya tatu. Yaani kapu la vitu visivyojulikana.

Río-Hortega alikuwa mwanafunzi katika mzunguko wa Cajal. Alitengeneza njia yake mwenyewe ya kupaka rangi, kwa kutumia fedha kaboneti, na kapu likafunguka. Ndani yake mlikuwa na aina mbili za seli. Moja ni ile tunayoiita leo oligodendroglia, inayofunika nyuzi za neva. Nyingine ni ndogo, mwili mwembamba, matawi mengi laini yaliyosambaa kama mizizi ya mmea mchanga. Akaiita mikroglia. Mwaka 1919 alichapisha mfululizo wa makala kuihusu, na ukizisoma hata kwa muhtasari unashangaa jinsi alivyopatia. Alisema seli hizi hazizaliwi na ubongo wenyewe, zinaingia kutoka nje wakati mtoto bado anaumbwa tumboni. Alisema zikitulia zina matawi, ila ubongo ukijeruhiwa zinarudisha matawi ndani, zinavimba, zinakuwa duara, zinatembea na kumeza mabaki. Hakuona mwendo huo kwa macho. Hadubini yake ilimpa seli zilizokufa, zimeganda kwenye kioo. Alichofanya ni kuua wanyama kwa nyakati tofauti baada ya jeraha na kupanga picha moja baada ya nyingine, hadi mpangilio ukampa mwendo. Ndiyo njia ya sinema kabisa, na jirani yake Buñuel bado alikuwa mbali na kamera.

Cajal hakupenda kurekebishwa na mwanafunzi. Ugomvi wa kisayansi ukachanganyika na maneno ya watu wa maabara, ya nani kasema nini juu ya nani, na mwaka 1920 Río-Hortega akafukuzwa. Ndivyo alivyoangukia Residencia.

Huko ndiko alikomkuta daktari mpasuaji kutoka New York, Wilder Penfield, aliyekwenda Madrid mwaka 1924 kujifunza ile njia ya fedha. Penfield baadaye alikuwa mtu maarufu Kanada, mwanzilishi wa taasisi ya neva ya Montreal, na uzeeni akageuka mwandishi wa riwaya (sizipendekezi sana, lakini zipo). Kwa hadithi yetu kilicho muhimu ni makala yake ya mwaka 1925. Alichukua mbinu ya Río-Hortega akaipeleka kwenye glioma, akazikuta mikroglia ndani ya uvimbe zikifanya kile mwalimu wake alichokieleza kwenye majeraha: matawi yamepotea, seli zimekuwa duara, zimejaa mabaki zilizomeza. Kwa hiyo tayari mwaka 1925 ilijulikana kwamba walinzi wa ubongo wamo ndani ya uvimbe na kwamba wamegeuka. Swali la kugeuka kuwa nini halikuulizwa. Walionekana kama wafagiaji, na mfagiaji haulizwi anamfagilia nani.

Penfield alikuwa na sababu ya nyumbani pia ya kutaka kuujua ugonjwa huu. Mwaka 1928 alimfanyia upasuaji dada yake mwenyewe, Ruth, aliyekuwa na uvimbe katika ubongo wa mbele. Alitoa kila alichoweza, kikabaki kipande alichoshindwa kukifikia. Uvimbe ukarudi, na dada akafariki miaka michache baadaye. Penfield aliliandika tukio hilo kwenye jarida la kitabibu kwa utulivu unaotisha kidogo.

Mwaka 1926 Wamarekani wawili, Percival Bailey na Harvey Cushing, walipanga aina za glioma kwa majina ya seli zilizofanana nazo. Ile mbaya kuliko zote wakaiita glioblastoma multiforme, yaani ya maumbo mengi. Mpangilio wao ulisaidia sana. Lakini ulikuwa mpangilio wa seli za saratani peke yake. Seli za kinga hazikupewa nafasi katika majina. Na ilipofika 1936 vita vya Hispania vikavunja kila kitu. Lorca aliuawa Agosti mwaka huo. Río-Hortega, aliyekuwa ameshafanya kazi kubwa kuhusu glioma katika taasisi ya saratani ya Madrid, alikimbilia Paris, kisha Oxford, kisha Buenos Aires, ambako alifariki mwaka 1945. Wanafunzi wake walitawanyika, na mikroglia ikaingia katika usahaulifu wa miongo kadhaa, watu wengine wakidai hata haipo kama seli ya pekee.

Hapa nisimame kidogo nizungumzie neno, maana hii ni blogu ya fasihi na maneno ndiyo kazi yetu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tulijifunza mambo ya kinga kupitia UKIMWI. Neno lenyewe limebeba somo: ukosefu wa kinga mwilini. Miaka ile ya mabango na michezo ya kuigiza, kila mtoto wa shule alifundishwa kwamba damu ina askari, na kirusi kinaua askari. Picha ilikuwa nzuri, ilieleweka vijijini na mijini, na naamini iliokoa watu. Mpaka leo mtu akitoka kupima CD4 anaulizwa, "Askari wako wangapi?" Askari wengi, afya njema. Askari wachache, hatari. Hesabu ya kujumlisha tu.

Sasa, miaka michache iliyopita mjomba wangu alifanyiwa upasuaji wa kichwa katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Majibu ya kinyama yalikuja kwa Kiingereza, kurasa mbili, na binamu yangu akakaa na simu akitafsiri neno moja moja huku familia imemzunguka. Alipofika kwenye sentensi iliyosema makrofaji ni nyingi, akatafuta, akasoma kwa sauti: seli za kinga zinazomeza wadudu. Shemeji yake mjomba akapiga kofi moja la furaha. "Si mmesikia? Askari wamejaa humo. Basi vita tunashinda." Mama mdogo akasema alhamdulillahi. Mjomba mwenyewe, kichwa kimefungwa bandeji, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusoma.

Katika glioblastoma, hizo seli za kinga zinazomeza zinaweza kufika theluthi moja ya seli zote za uvimbe, wakati mwingine zaidi. Kama hesabu ya askari ingekuwa sahihi, ugonjwa huu ungekuwa mwepesi. Badala yake ni miongoni mwa saratani mbaya kabisa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, ambao ndio msingi wa matibabu hadi leo, ulionyesha kwamba ukiongeza dawa ya temozolomidi juu ya mionzi, muda wa kati wa kuishi unatoka miezi 12.1 hadi 14.6. Miezi miwili na nusu. Na hayo yalipokewa kama ushindi, kwa haki.

Kwa nini hakuna aliyeuliza mapema hao askari wanafanya nini? Jibu moja liko katika hadithi nyingine, ya ngome. Mwaka 1921 Mjapani aitwaye Shirai alipandikiza saratani ya panya wa aina moja ndani ya ubongo wa panya wa aina nyingine, ikaota vizuri. Mahali pengine mwilini ingekataliwa haraka. Miaka miwili baadaye James Murphy na Ernest Sturm wa taasisi ya Rockefeller, New York, walirudia jambo hilo wakaongeza ujanja mmoja: walipoweka kipande cha wengu wa mnyama mwenyewe karibu na saratani ndani ya ubongo, ilikataliwa. Wengu umejaa seli za kinga. Maana yake ubongo haukuwa na mwiko wowote kwa kinga; ni kwamba kinga haikufika. Mwaka 1948 Mwingereza Peter Medawar akaweka vipande vya ngozi ngeni katika ubongo wa sungura. Vilidumu. Lakini sungura akishawekewa ngozi ileile kifuani kwanza, kinga yake ikaamka, basi na kile cha ubongoni kikashambuliwa.

Soma tena majaribio hayo matatu utaona mawili kati yake yana mlango. Wasomaji wa baadaye wakaukumbuka ukuta, mlango wakausahau. Vitabu vya kufundishia vikaandika kwamba ubongo ni mahali penye upendeleo, kinga haiingii, kwa hiyo habari za kinga na uvimbe wa ubongo hazina maana kubwa. Hata mishipa ya limfu ilisemekana haipo kabisa kichwani, mpaka mwaka 2015 makundi mawili, moja la Virginia na jingine la Helsinki, yalipoionyesha katika utando unaofunika ubongo wa panya. Mwitaliano Paolo Mascagni alikuwa ameieleza mwaka 1787. Hakuaminiwa.

Huo mwaka 2015 haukuja peke yake. Miaka mitano kabla yake, kundi la Miriam Merad huko New York, mtafiti wa mbele akiwa Florent Ginhoux, lilifuatilia asili ya mikroglia katika panya kwa kuweka alama kwenye seli za kiinitete. Mimba ya panya huchukua takriban siku 20. Mbegu za mikroglia zilipatikana kabla ya siku ya 8, katika kifuko cha kiini cha yai, na kutoka huko zikahamia kwenye ubongo unaoumbwa na kubaki humo maisha yote zikijizalisha zenyewe. Río-Hortega alikuwa amesema zinaingia kutoka nje, mapema. Alikuwa sahihi, akiwa na fedha na kalamu tu.

Ugunduzi huu unaonekana mdogo, lakini ndio uliofungua mambo. Ukishajua kwamba mikroglia ni wenyeji wa tangu tumboni, unaweza kuwatenganisha na wageni wanaofanana nao. Kwa maana kuna wageni. Damu hubeba seli ziitwazo monosaiti, zinazotengenezwa kwenye uboho wa mifupa kila siku. Ukuta wa mishipa ya damu ubongoni ukivuja, na uvimbe huufanya uvuje, monosaiti zinapita, zinakua kuwa makrofaji, na chini ya hadubini ya kawaida huwezi kumjua mwenyeji nani na mgeni nani. Wote wamekuwa duara, wote wamejaa mabaki. Penfield asingeweza kuwatofautisha hata angekesha mwaka mzima.

Mbinu mpya zinasoma ni jeni zipi zimewashwa ndani ya seli moja moja. Mwaka 2020 makundi mawili ya Uswisi, la Lausanne na la Zurich, yalichapisha kwa pamoja ramani za seli za kinga katika uvimbe wa ubongo wa binadamu. Katika glioma zinazokua polepole, zile zenye badiliko la jeni la IDH, wenyeji ndio wengi. Katika zile kali zisizo na badiliko hilo, wageni wa damu wanaongezeka. Kwenye saratani iliyosafiri kutoka mapafu au matiti, kikosi ni kingine kabisa, na seli za T ni nyingi zaidi. Ubongo ni uleule, lakini aina ya uvimbe ndiyo inayochagua nani aingie.

Mwaka uliofuata ikaja kazi ya Brussels, na hii kwangu ndiyo kiini cha makala yote. Watafiti walilinganisha glioblastoma iliyogunduliwa kwa mara ya kwanza na ile iliyorudi baada ya matibabu. Kwenye uvimbe mpya, mikroglia walikuwa wengi. Kwenye uvimbe uliorudi, makrofaji waliotoka kwenye damu walikuwa wamewazidi, hasa sehemu zenye upungufu wa oksijeni. Walioonekana mwanzo na walioonekana mwisho si kundi moja. Kilichoandikwa kwenye karatasi ya kwanza kilikuwa kimepitwa na wakati.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Humu anayepona ni uvimbe. Seli za saratani hutoa kemikali zinazowaita makrofaji na kuwalisha. Makrofaji akishafika kwenye giza lile lisilo na oksijeni, anawasha programu ya zamani kabisa ya mwili, ile ya kuponya kidonda: punguza uvimbe wa moto, zuia mashambulizi, otesha mishipa mipya ya damu, jenga upya. Programu hiyo ni ya heri ukiwa umejikata kidole. Ndani ya glioblastoma inatuliza seli za T ambazo zingeweza kuua saratani, na inautengenezea uvimbe barabara za chakula. Ndiyo maana siwezi kuwaita wasaliti, ingawa majarida mengine yanapenda neno hilo. Msaliti anajua amehama upande. Hawa wanafanya kazi waliyofundishwa, kwa bidii, mahali pasipostahili.

Seli za T zenyewe zina masaibu yake. Zinazofika ndani ya uvimbe huchoka: zinawasha vizuizi kwenye ngozi yake, zinaacha kuzaana, zinabaki zimesimama tu. Na wengi hawafiki. Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Duke lilionyesha kwamba kwa watu na panya wenye glioblastoma, seli za T hujazana kwenye uboho wa mifupa, zimefungiwa kule, kwa kuwa kipokezi kinachoziwezesha kutoka kimeondolewa kwenye uso wake. Damu inapimwa, askari wachache. Wapo, ila wamefungiwa kambini. Ongezea deksamethasoni, dawa ambayo karibu kila mgonjwa huyu hupewa kushusha maji kichwani, inayookoa uhai na kuondoa maumivu, na ambayo pia huibana kinga. Daktari hana uchaguzi mzuri hapo.

Tukirudi kwenye dawa, ndipo suala la wakati linapouma. Mwaka 2013 kundi la Johanna Joyce, wakati huo New York, liliwapa panya wenye glioma dawa inayozuia ishara ambayo makrofaji huitegemea. Walitarajia makrofaji wafe. Hawakufa, waligeuka, wakaacha kuusaidia uvimbe, ukanywea, na panya wengi wakaishi. Furaha ikawa kubwa. Mwaka 2016 kundi hilohilo likaripoti kilichotokea walipoendelea kuwafuatilia: katika zaidi ya nusu ya panya uvimbe ulirudi, kwa sababu makrofaji walijifunza kutoa chakula kingine kwa njia nyingine. Mwaka huohuo jaribio kwa wagonjwa 37 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi, kwa dawa ya jamii hiyo, halikuonyesha faida. Namheshimu mtu anayechapisha sura ya pili ya hadithi yake hata kama inaipunguzia utamu sura ya kwanza.

Dawa za kuziamsha seli za T, zilizobadilisha maisha ya wagonjwa wa saratani ya ngozi, nazo zikajaribiwa. Watu 369 walioingia katika jaribio kubwa la nivolumabi, wote uvimbe umesharudi, waligawanywa makundi mawili. Waliopata nivolumabi waliishi muda wa kati wa miezi 9.8, waliopata dawa ya zamani, 10.0. Hakuna tofauti. Wengi wakafunga daftari.

Ila mwaka 2019 lilichapishwa jaribio dogo, wagonjwa 35 tu, ambalo sijaacha kulifikiria. Wote walikuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji kwa uvimbe uliorudi, na wote walipewa dawa ya jamii ileile, pembrolizumabi. Tofauti ilikuwa siku. Kundi moja lilianza baada ya upasuaji. Jingine lilipewa dozi ya kwanza kabla, uvimbe ukiwa bado kichwani, pamoja na seli za T chache zilizokuwa zimeshaingia. Kundi la pili liliishi muda wa kati wa miezi 13.7, la kwanza 7.5. Kipande kilichokatwa kutoka kwa waliotangulizwa dawa kilionyesha jeni za seli za T zimewaka. Watu 35 ni wachache mno kujengea nyumba. Lakini dawa ilikuwa ileile na ugonjwa uleule; kilichohamishwa ni saa.

Wanaofanya kazi hii sasa wanataka kile alichokuwa nacho Río-Hortega kwa wanyama wake: picha nyingi za mgonjwa mmoja, kwa mpangilio wa muda. Tatizo ni kwamba ubongo wa mtu haufunguliwi kila mwezi. Kinyama cha kwanza hupatikana siku ya upasuaji. Cha pili, kama uvimbe ukirudi mahali panapofikika na mgonjwa bado ana nguvu, na wengi hawafikishi hapo. Kati ya siku hizo mbili kuna mionzi, temozolomidi, deksamethasoni, miezi ambayo wenyeji wanapungua na wageni wanajaa, na hakuna anayeona. Wengine wanapima maji ya uti wa mgongo wakitafuta mabaki ya seli. Wengine wanatafuta namna ya kuzimulika makrofaji kwa mashine za picha bila kukata.

Mjomba alikuwa na karatasi moja. Iliandikwa tarehe ya upasuaji juu kulia, kwa mkono, na ilikaa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati hadi mwisho.